Watoto wanakariri tarehe za Mkwawa tu, nawafundishaje historia kwa vitendo hapa nyumbani?

MamaWawili_Mafinga

Habari za humu jamani, naombeni mawazo. Niko Mafinga, nina watoto wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume 8. Wanasoma shule kama kawaida, sijawatoa, ila jioni na jumamosi napenda kukaa nao tupitie walichosoma. Hesabu naweza, Kiswahili naweza, historia ndo inanishinda kabisa, hasa hii ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita tulikua tunaenda Iringa kumuona bibi yao, kwenye basi nikamuuliza mkubwa, Mkwawa alikua nani? Akajibu bila kupumua, vita ya Lugalo 1891, Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa akajiua 1898. Nikafurahi moyoni. Mdogo wake akadakia, mama, huyo Mkwawa alikua anakaa nchi gani? Na hapo tumeshapita Ifunda tunakaribia Tanangozi. Nikamwambia dada yake haya mjibu mwenzio, Kalenga iko wapi. Akakaa kimya alafu akasema kwa sauti ndogo, si kule kwa Wajerumani?

Jamani iliniuma. Sio kwa sababu hajui, iliniuma kwa sababu alikua ameshika tarehe zote tatu sawasawa na mtihani angepata, na Kalenga yenyewe, ngome ya Mkwawa, haifiki hata kilomita ishirini kutoka kwa bibi yake anakolala kila likizo. Na mimi nilisoma hivyo hivyo, nimekuja kujua Lugalo ni mahali pa kupita na gari nikiwa mtu mzima.

Sasa nataka niwafundishe kwa mikono, wachore, wafinyange, watembee, waone ramani. Sina printa, na hela ya kununua vitabu vya rangi sina. Nilichonacho ni karatasi za manila, udongo mwekundu nje umejaa, na baba yao anafanya kazi kwenye mashine ya mbao kwaiyo mabanzi na maranda tunapata bure. Nianzie wapi? Na mtoto wa miaka 8 unamwelezaje habari za fuvu la Mkwawa lililopelekwa Ujerumani bila kumtisha?

---

MwalimuMstaafu_Iringa

Kamwene mama. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi, sasa nimepumzika, na swali lako limenigusa maana hicho kidonda nakijua. Watoto wetu tunawapa tarehe kabla hatujawapa mahali pa kuziweka, ni kama kumpa mtu mzigo bila kikapu.

Anza na kamba. Chukua kamba ya katani au hata ya manila, kata mita mbili, na muwe na rula. Sentimita moja ni mwaka mmoja. Ncha moja ndo leo. Mkubwa wako ahesabu sentimita 11 kurudi nyuma, afunge uzi mwekundu, hapo ndo alipozaliwa. Mdogo sentimita 8. Wewe ufunge wa kwako. Bibi naye, kama ana miaka sabini ni sentimita 70. Alafu waambie watafute mwaka 1961, wataona Uhuru umekaa kwenye sentimita sitini na kitu, na fundo la bibi liko nyuma ya Uhuru. Hapo usiseme kitu, waache waone wenyewe. Watakuuliza, bibi alizaliwa Tanganyika ikiwa bado ya Waingereza? Ndiyo. Sasa wapime mpaka 1898. Mkwawa anaangukia mita moja na robo hivi. Kutoka fundo la bibi mpaka fundo la Mkwawa ni urefu wa mkono wa mtoto tu. Hapo ndo utawaambia kwamba babu yake bibi angeweza kumuona Mkwawa kwa macho yake. Mimi nimefanya hivi na madarasa mengi na kila mara inapofika hapo darasa linatulia.

Alafu kesho yake uwaulize, na Isimila je? Mnapoenda Iringa kwa basi mnapita kibao chake, ni kama kilomita 20 kabla ya kufika mjini. Zile shoka za mawe zilizookotwa pale korongoni wataalamu wamezikadiria kuwa na miaka karibu 260,000. Kwenye kamba yenu hiyo ni sentimita 260,000, yani kilomita mbili na mita mia sita. Usiwaambie jibu, waache wagawe wenyewe kwenye daftari, alafu mvae viatu mtembee kilomita hizo kutoka mlangoni kwenu. Mkifika mwisho mgeuke mtazame mlikotoka. Mtoto akishatembea umbali ule, na Mkwawa yuko hatua mbili tu kutoka mlangoni, hatasahau.

La pili ni lilinga. Jina la Iringa limetoka kwenye neno hilo la Kihehe, maana yake ngome. Waambie wajenge ngome kwa huo udongo mwekundu. Wachore mviringo kwenye uwanja, wachanganye udongo na maji na majani makavu, wainue ukuta kidogo kidogo, siku ya kwanza kiganja kimoja, wauache ukauke, siku ya pili kiganja kingine. Wakiharakisha utaanguka, na ukianguka usiwasaidie, kesho wajenge tena. Pembeni mchimbe mfereji mmwage maji, huo ndo Ruaha Mdogo, maana Kalenga iko pale pale kandokando ya mto. Alafu waulize, wewe ungekua Mkwawa ungeogopa adui aje upande gani? Mwanangu mmoja wa darasani aliwahi kusema mimi naogopa kilima, na hilo ndilo hasa lililotokea, Oktoba 1894 Wajerumani walikua na mizinga, na mzinga unapiga kwa mbali, ukuta unaozuia mikuki hauzuii mzinga. Hapo mtoto ameelewa kwa nini Kalenga ilianguka na hajakariri chochote.

Lugalo wafanye vile vile kwa majani na vijiti. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, lilikua linapita kwa mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, na Wahehe walikua wamejificha pembeni. Chukua punje 30 za mahindi zipange mstari mmoja mrefu, alafu maharage 30 uyaweke pande zote mbili. Waulize punje ya mbele inaweza kumsaidia ya nyuma? Bunduki zilikuepo lakini hazikupata nafasi. Zelewski akafa pale pale na askari zaidi ya mia mbili.

Kuhusu fuvu, mama, usilifiche. Mtoto wa miaka minane anajua kifo, ameshaenda misiba. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba Mkwawa hakutaka kukamatwa, miaka minne baada ya Kalenga kuanguka alikua bado porini anapigana, na tarehe 19 Julai 1898 alipoona wamemfikia pale Mlambalasi alijipiga risasi, na walichukua kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Alafu mrudi kwenye kamba. Mwaka 1919 kwenye mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza vita kuu ya kwanza, kiliandikwa kifungu kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ni nusu sentimita. Lilirudi 1954, aliyelileta ni Twining, gavana wa Tanganyika. Wapime wenyewe kutoka 1919 mpaka 1954. Waone nusu sentimita na waone sentimita 35. Mimi hapo huwa naacha watoto waongee wenyewe, na wanaongea mambo ya maana sana kuhusu ahadi.

---

MamaWawili_Mafinga

Mwalimu shikamoo, yani nimesoma mara tatu. Hiyo ya kamba naanza leo leo. Ila ramani bado, atlasi tunayo moja ya zamani ukurasa wa Tanzania ni mdogo mno, Iringa na Mbeya zimebanana hata huwezi kuweka kidole katikati.

---

Mkazi_wa_Iyunga

Dada ramani ndogo sio tatizo, nikuelekeze njia tunayotumia hapa kwangu Mbeya, haihitaji printa wala nini.

Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ipake mafuta ya kula kwa pamba, kidogo sana, iache ikauke nusu saa. Itakua inapenya mwanga. Iweke juu ya ramani ya atlasi, mtoto afuatishe mstari kwa penseli laini. Hiyo ndo kopi yako. Sasa kukuza, kwenye hiyo kopi piga mistari ya viboksi vya sentimita moja moja, na kwenye manila piga viboksi vya sentimita tano tano, idadi ile ile. Kila kiboksi kipe namba. Mtoto anachora kilichomo kwenye kiboksi namba moja tu, anahamia namba mbili, na kuendelea. Akimaliza ana ramani kubwa mara tano na ameitazama nchi yake kipande kwa kipande. Wa kwangu alichukua jumapili mbili, na mpaka leo ukimwamsha usiku atakwambia Ruaha Mkuu unatoka bonde la Usangu.

Baada ya hapo ndo tukafanya reli, na kwa kweli hii ndo historia iliyomshika mwanangu kuliko zote, labda kwa sababu treni inapita tunaisikia. Reli ya TAZARA kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Tukasema sentimita moja iwe kilomita kumi, kwaiyo tunahitaji uzi wa sentimita 186, na uzi ulikua mrefu kuliko mimi, akanilaza chini apime, nikazidiwa. Sentimita 97 na nusu uzi mweusi ni za Tanzania, zinazobaki 88 na nusu ni za Zambia tukatumia uzi wa kijani. Hii hatukuipeleka kwenye manila, tuliitandaza sakafuni sebuleni tukaweka vifuniko vya soda kwenye stesheni, Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma.

Alafu akauliza lile swali nililokua nasubiri, baba kwa nini Zambia walitaka reli ndefu hivi mpaka kwetu na sio kwingine? Nikamwekea sahani ya mahindi pale Zambia, nikamwambia hii ni shaba. Nikamwekea matofali upande wa kusini, nikamwambia hapa ndo njia waliyokua wanatumia, inapita Rhodesia, ndo Zimbabwe ya leo, na Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao wenyewe, serikali ya wachache, na Zambia ilikua imepata uhuru 1964 tu, mwaka mmoja. Sasa utapitisha shaba yako mlangoni kwa mtu anayekukandamizia ndugu zako? Akasema hapana. Haya, upite wapi? Akafuata kwa kidole mpaka baharini. Nchi za magharibi ziliombwa zikasema haiwezekani haitalipa, China ikakubali, mkataba 1967, ujenzi ukaanza 1970 ukaisha 1975, na mwaka 1976 mwezi wa saba ikakabidhiwa rasmi. Wakati namwambia hayo yeye alikua bado anasukuma mahindi na kijiko kufuata uzi.

Kipande kigumu kilikua Mlimba kupanda Makambako. Hapo usimwambie tu, mtengenezee mlima. We una maranda dada, una bahati. Vikombe viwili vya maranda yaliyochekechwa, kikombe kimoja cha unga wa ngano, maji kidogo kidogo mpaka iwe kama donge la chapati. Bandika juu ya ubanzi, finyanga milima, weka juani siku tatu au nne, kwa baridi yenu ya Mufindi labda wiki. Usiweke nene sana litapasuka, bora tabaka mbili. Ukishakauka mwambie apitishe uzi kutoka chini bondeni Kilombero mpaka juu bila kuupandisha ghafla, maana treni haipandi kama bodaboda. Atazunguka, atarudi, mwisho atakwambia baba hapa lazima nitoboe. Wangu alitoboa kwa msumari. Hapo ndo ameelewa kwa nini kipande kile kina mahandaki na madaraja mengi.

Na kuna mzee jirani alifanya kazi ya kubeba kokoto kwenye ujenzi akiwa kijana. Tulimpelekea sukari kilo moja na mtoto akaenda na maswali matano kwenye daftari. Aliuliza matatu tu, mengine mzee alikua ameshayajibu kabla. Alisema kitu ambacho mimi sijawahi kukisoma popote, kwamba walivyosikia injini ya kwanza inakuja kutoka Dar watu waliacha mashamba wakakaa kandokando ya tuta tangu asubuhi, na yeye alikua ameshika mkono wa mama yake akamwambia mama hilo tuta nimelibeba mimi. Mwanangu ameliandika hivyo hivyo, kwa kalamu nyekundu.

---

Binti_Rujewa

Mwalimu shikamoo. Dada wa Mafinga pole na hongera, ni swali zuri. Mi naomba niongeze jambo na naomba lisichukuliwe vibaya.

Mimi ni Msangu. Nilivyokua mdogo shuleni tulikua tunaimbishwa Mkwawa shujaa, na ni shujaa kweli, sikatai hata kidogo. Lakini nikirudi nyumbani bibi alikua anasimulia vingine. Kwao Mkwawa na baba yake Munyigumba ndo waliowatoa Usangu. Ndo maana ukiangalia ramani kuna Utengule mbili, moja huku kwetu Usangu na nyingine kule karibu na Mbalizi, upande wa Usafwa. Watu wa Merere, mtemi wetu Wasangu, walipokimbia walijenga huko wakaita kwa jina la nyumbani. Na Merere akashirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na Mkwawa aliposhindwa wakarudi Usangu. Shuleni sikuwahi kuambiwa hili, nikawa nakaa na hadithi mbili kichwani naona moja lazima iwe uongo, na kwa sababu kitabu ndo kina mtihani nikaamua bibi ndo mwongo. Najuta mpaka leo maana alifariki kabla sijarudi kumuuliza vizuri.

Kwaiyo dada, wewe ukishajenga hiyo lilinga, jenga na nyingine upande wa pili wa uwanja, ya Merere. Mpe kila mtoto ngome yake. Muulize yule wa ngome ya pili, jirani yako mwenye nguvu amekutoa kwenye shamba lako, na mgeni mwenye mizinga amekuja anasema tusaidiane, utafanyaje? Usimwambie jibu sahihi. Hili sio kumtetea Mjerumani, aliyoyafanya nchi hii tunayajua, 1905 mpaka 1907 Maji Maji watu walikufa wengi kwa njaa kuliko kwa risasi kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa. Ila mtoto akijua kwamba watu wa wakati ule walikua wanachagua wakiwa na hofu na hasira na matumaini kama sisi, hatawaona kama picha za kwenye noti.

Na kwenye ramani tafuteni Utengule zote mbili mfunge uzi katikati. Ni kitendo kidogo tu lakini mtoto anajifunza kwamba jina la mahali linaweza kubebwa mgongoni.

---

MwalimuMstaafu_Iringa

Marahaba mwanangu wa Rujewa. Sijachukulia vibaya, umenifundisha. Mimi ni Mhehe na nimefundisha habari za Merere kwa sentensi moja tu miaka yote hiyo, "Merere alishirikiana na wakoloni", basi, tunaenda mbele. Nilikua nina watoto wa Kisangu darasani na sikuwahi kuwauliza nyumbani wanasimuliwa nini. Pole kwa bibi. Hiyo ngome ya pili nitaiongeza, kuna wajukuu hapa wanakuja likizo.

---

Mama_wa_Matema

Habarini ndugu zangu. Mimi naona mmejaa vita tu humu, watoto wa kike na wa kiume wajue pia watu walikua wanapika na kuuza. Huku kwetu ziwa Nyasa wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu, jumamosi kuna soko pale Lyulilo karibu na Matema, vinakuja kwa mitumbwi. Chungu cha Kikisi kinakua chembamba na chepesi, ukikigonga kwa kucha kinalia. Bibi yangu alikua nacho kimoja Tukuyu, mbali na ziwa kabisa, kimebebwa kichwani kupanda mlima. Sasa muulize mtoto kilifikaje huko, kilibadilishwa na nini, nani alikibeba. Na chumvi je, kabla ya duka, mtu wa Mbozi alikua anatoa wapi? Kule Ivuna watu walikua wanachemsha chumvi kutoka kwenye udongo karne nyingi kabla ya mkoloni yeyote.

Hii mnaweza kufanya jikoni. Changanya vijiko vinne vya chumvi na kopo la mchanga, mimina maji ya moto, chuja kwa kitambaa, alafu chemsha yale maji mpaka yakauke kwenye sufuria. Mtoto akiona ule ukungu mweupe unabaki chini, alafu akiona kuni zilizoisha kwa kijiko kimoja na nusu cha chumvi, ndo atajua kwa nini chumvi ilikua mali. Wangu aliniambia mama kumbe ndo maana bibi anakasirika tukimwaga chumvi. Fanyeni mkiwa wote jikoni, maji ya moto sio ya kuachia watoto.

---

Kijana_wa_Ifunda

Mama mmesema mlipita Ifunda kwenye basi. Waambie wanao kwamba pale wakati wa vita kuu ya pili kulikua na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wanawake na watoto. Walitolewa kwao 1940 na Wasovieti wakapelekwa Siberia, 1942 wakatoka kupitia Iran, wakapanda meli mpaka huku. Kambi nyingine ilikua Kidugala, Njombe, na kubwa zaidi Tengeru kule Arusha. Chukueni ramani ya dunia mpitishe uzi, Poland, Siberia, Iran, bahari, Ifunda. Babu yangu alikua anatuambia walikua wanalima bustani za maua mbele ya nyumba zao, na yeye alishangaa sana kwamba mzungu naye anaweza kuwa mkimbizi. Mimi hicho ndo kitu cha kwanza cha historia nilichokielewa maishani.

---

MamaWawili_Mafinga

Jamani nimerudi, wiki tatu zimepita, nimeona ni haki yenu kujua.

Kamba tulifunga siku ile ile. Mdogo alivyoona fundo lake liko sentimita nane tu alikasirika, akasema mbona nimekaa sana duniani. Alafu akapima na la bibi akanyamaza. Kilomita mbili na mita mia sita tulitembea jumamosi asubuhi na ukungu wetu huu, kutoka nyumbani mpaka kupita sokoni, mdogo akiwa ameshika kamba yenyewe mkononi kwa sababu alisema asipoishika hatajua Mkwawa yuko wapi. Tulipofika mwisho tukageuka, nyumba haionekani kwa ukungu. Mkubwa akasema, mama kwaiyo karibu njia yote hii haina hata tarehe moja? Nikakosa la kumjibu, nikamshika tu bega.

Lilinga ya kwanza ilianguka, mvua ilikuja usiku. Walijenga tena wakaweka kipande cha bati juu. Ya Merere ilijengwa na mkubwa, na Binti Rujewa nikwambie ukweli, kulikua na ugomvi wa kweli hapa uwanjani. Mdogo alisema dada ni msaliti, dada akasema wewe ulininyang'anya shamba kwanza, mpaka baba yao akatoka ndani kuuliza kuna nini. Usiku mkubwa akaniuliza kama watu wa Usangu bado wamekasirika. Nikamwambia namjua mmoja na amenisaidia sana, nitamuuliza.

Ramani ya viboksi imefika nusu. Donge la maranda la kwanza lilipasuka kweli, niliweka nene, la pili limekubali, tumeliweka darini juu ya jiko lipate joto kwa sababu jua hakuna. Chumvi tulifanya, kijiko kimoja na kidogo hivi, na sasa hakuna anayemwaga.

Jumapili iliyopita tukapanda tena basi kwenda kwa bibi. Mdogo alikaa dirishani na kijikaratasi chake alichochora mwenyewe, Mafinga, Ifunda, Tanangozi, Isimila, Iringa, Kalenga, na kila tulipopita anaweka alama ya penseli. Ifunda akamwambia mzee aliyekaa pembeni yake, hapa walikaa watoto wakimbizi kutoka Poland. Yule mzee akamtazama, akasema mimi nimezaliwa hapa, nani kakwambia? Wakaanza kuongea, wameongea mpaka tunashuka, na yule mzee amemwambia mambo ambayo mimi nilikua nimekaa kiti cha nyuma nayaandika kwenye simu haraka haraka.

Jumamosi ijayo tunaenda Kalenga wote wanne pamoja na bibi, tumeanza kuchanga nauli. Bibi anasema mara ya mwisho kufika pale alikua msichana. Mwalimu, kama upo mjini siku hiyo tungependa sana kukusalimia, na mdogo ana swali lake kuhusu kilima amelikunja kwenye karatasi, mimi hataki nilisome.